Niliyoyaona kutoka Kiti cha Kushoto

Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Tangu nirudi simu haijatulia, na nyote mnauliza mambo mawili tu: ndege yenyewe ikoje, na kiti umekipata? La kwanza nitalijibu kwa furaha, maana nikianza kuisifu ile ndege huwa sinyamazi. La pili litakuja kwa zamu yake. Mwajuma, najua umeshashuka chini kusoma mwisho. Rudi juu.

Kwa mlioongezwa juzi kwenye kundi na hamnijui kazini: mimi ni rubani. Miaka kumi na miwili nimerusha ndege ya pangaboi, injini moja, nikipeleka dawa, chanjo, walimu na wagonjwa Kigoma, Kasulu na Kibondo. Bosi wetu, Bi. Zuwena, anataka kununua jeti ndogo mpya, ya aina wanayopanda matajiri kwenda mikutanoni, ila hii imetengenezwa iweze kutua hata kwenye changarawe. Muuzaji alituletea ndege pamoja na rubani wake, Kapteni Shaaban, mtu wa Tanga aliyekaa ughaibuni miaka mingi. Alikuja na kazi mbili. Ya kwanza, kuonyesha kama jeti inaviweza viwanja vyetu. Ya pili, kupendekeza nani kati yangu na mwenzangu Feliksi apelekwe mafunzoni ili awe rubani wake. Kiti kilikuwa kimoja.

Feliksi ana miaka thelathini na moja, mimi arobaini na tisa. Yeye akikosa leo atapata kesho. Mimi nikikosa, ndiyo basi tena. Nilikitaka kiti kile kwa roho yangu yote, na sioni sababu ya kuwaficha.

Dar hadi Kigoma

Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni harufu. Ndege yangu inanuka mafuta ya taa, dawa ya kusafishia na samaki wakavu wa Kigoma, migebuka, ambao abiria huapa kwamba hawajawabeba. Hii ilinuka viatu vipya. Niliinama mlangoni nikavuta pumzi mara mbili, Kapteni Shaaban akaniona.

"Karibu, Dada Domi," akasema. "Kila rubani hufanya hivyo. Wengine hulamba."

Kisha nikakaa kwenye kiti cha kulia, nikatafuta saa. Kwenye ndege yangu mbele kumejaa saa za mishale, kila moja na tabia yake; moja usipoigonga kwa kidole haisemi kweli. Hapa hakuna hata moja. Kuna skrini tatu kubwa, safi, na chini yake nyingine mbili ndogo za kugusa. Swichi zinahesabika kwa vidole. Nilijihisi nimeingia jikoni kwa mtu ambaye vyombo vyote amevificha kabatini.

"Sasa vitu viko wapi?" nikauliza.

"Vipo. Vinakuja unapovihitaji."

Na kweli vinakuja. Ukiwasha injini, skrini inakuletea mambo ya injini. Ukianza kwenda, inakuletea ramani ya kiwanja na kindege kidogo kinachotembea juu yake, na kindege hicho ni wewe. Nilicheka peke yangu. Kisha tukaruka, na hapo sikucheka. Ile yangu hupanda kama mama mjamzito anayepanda ngazi, kwa heshima na kwa kupumzika. Hii iliinua pua, nikasukumwa mgongoni, na nilipokumbuka kuangalia chini Pugu ilikuwa imeshapita.

Kapteni Shaaban alinipa usukani tukiwa juu sana, mahali ambapo anga hugeuka bluu nzito. Ni mwepesi kuliko nilivyotegemea. Unawaza kugeuka, nayo imeshageuka. Kelele hakuna. Kwangu tunaongea kwa kupiga makelele hata tukiwa na vipokea sauti masikioni, na nikifika nyumbani mume wangu hunikumbusha kwamba yeye si abiria. Hapa tuliongea kama watu waliokaa barazani.

Kitu kilichonivutia kuliko vyote kilikuwa kwenye skrini ya katikati. Nje kulikuwa na wingu zito la Tabora, jeupe tupu, lakini kwenye skrini nilikuwa naona vilima, mabonde na mito, vimepakwa rangi, jua linawaka.

"Kamera hiyo?" nikauliza.

"Hapana, na usije ukasahau," akasema. "Ni mchoro. Ndege ina kumbukumbu ya ardhi yote, inachora kile kinachotakiwa kuwepo mbele yako. Hata kiwanja itakuchorea, na mistari yake."

"Hata Kibondo?"

"Hata Kibondo. Nimeingiza mwenyewe."

Nilikodoa macho kama mtoto aliyeona televisheni kwa mara ya kwanza. Karibu na Mto Malagarasi tukapata misukosuko, nami nilikuwa najaribu kubadilisha masafa ya redio kwa kugusa skrini. Kidole kikaruka, nikafungua orodha ya taa za abiria. Nikajaribu tena, nikafungua tena taa za abiria. Nyuma hakukuwa na abiria hata mmoja, ila kulikuwa kunawaka kama ukumbi wa harusi. Kapteni akanionyesha dawa yake: unaegemeza kiganja kwenye ukingo wa skrini kwanza, ndipo kidole kiguse. Niliandika hilo kwenye daftari langu. Chini yake nikaandika: hakuna pa kuweka chupa ya chai. Aliposoma hilo la pili alishika kichwa.

"Dada Domi, ndege ya mabilioni, wewe unatafuta pa kuweka chupa?"

"Nakaa humo siku nzima, Kapteni. Chai ninywee wapi?"

Kigoma hadi Kasulu

Kutoka Kigoma mjini hadi Kasulu kwa jeti ni muda wa kufunga mkanda na kuufungua. Nilikuwa nimemweleza Kapteni jinsi sisi tunavyoingia kwenye viwanja vya kule. Hakuna uzio wala mnara wa kuongozea ndege. Kwa hiyo unapita mara moja chini chini juu ya kiwanja bila kutua, unazunguka, ndipo unarudi kutua. Marubani wa kule tunaita kupiga hodi. Waliopo kiwanjani wanajua kwamba ndege ya kwanza ni salamu, ya pili ndiyo yenyewe. Wanaswaga mbuzi, wanashika watoto, wanakaa pembeni.

Kasulu tulipiga hodi, Kapteni akiwa kwenye usukani. Alifanya vizuri, lakini nilimwona anavyobana midomo. Jeti haipendi kwenda polepole karibu na ardhi, na inakunywa mafuta kupita kiasi. Kisha tukatua, na hapo nampa sifa zote mtengenezaji: matairi manene mawili mawili yalipokea changarawe kwa upole mpaka nikageuka kuhakikisha kwamba tumeshagusa.

Sasa sikilizeni balaa. Kasulu haijazoea jeti. Iliyopita chini chini juu ya mji ikitoa mlio wa ajabu ilieleweka na kila mtu kwa namna moja tu: amekuja mkubwa. Tulipozima injini gari la kwanza lilikuwa limeshafika, likafuatiwa na la pili, kisha kikundi cha ngoma ambacho nadhani kilikuwa mazoezini karibu. Bwana mmoja wa ofisini, mwenye tai, alisimama chini ya ngazi kwa ukakamavu. Nikashuka mimi na begi langu. Akachungulia nyuma yangu. Akashuka Kapteni Shaaban, fulana, miwani ya jua, kitambulisho shingoni. Akachungulia nyuma yake pia.

"Samahani, mheshimiwa bado yuko ndani?" akauliza.

"Mheshimiwa yupi?" nikasema.

"Huyo mliyemleta."

"Hatujamleta mtu. Tumeleta ndege."

Akatafakari. "Kwa hiyo mgeni ni ndege?"

"Ndiyo."

Nilidhani atakasirika. Yule bwana alikuwa mwalimu kabla ya kuhamia ofisini, mwenyeji wa Singida, na alikuwa na udadisi kuliko sisi. Alivua tai akaitia mfukoni, akaomba kupanda. Akakaa kwenye kiti changu nusu saa nzima akiuliza maswali mazuri kuliko yaliyoulizwa na mabenki yanayomkopesha Bi. Zuwena. Ngoma zilipigwa hata hivyo, kwani waliokatiza kazi zao kwa ajili ya mgeni hawakuona sababu ya kurudi bure. Kapteni Shaaban akacheza. Ana mabega ya Kitanga yule mtu, tulicheka mpaka machozi.

Kisha mvua ikaanza.

Siku mbili za tope, na Heru Juu

Mvua ya Kasulu ikiamua haina mjadala. Kiwanja kiligeuka uji mwekundu, nasi tukakwama mjini siku mbili. Kapteni alikuwa na jedwali kwenye kompyuta yake: unaingiza kiasi cha mvua, joto na uzito wa ndege, inakwambia kama kiwanja kinafaa. Mlinzi wa kiwanja naye alikuwa na kisigino chake. Anakanyaga, anazungusha, anaangalia shimo. Kila asubuhi nilisimama kati yao. Siku ya kwanza jedwali na kisigino vilikubaliana kwamba hatuendi kokote. Siku ya pili jedwali likasema twende, kisigino kikasema tusubiri hadi kesho. Kapteni akavua kiatu, akakanyaga mwenyewe, akazama hadi kwenye kifundo.

"Tusubiri," akasema, akaandika kitu kwenye daftari lake. Nilianza kumpenda kuanzia hapo.

Kwa kuwa tulikuwa tumekwama, mvua ilipopumua tulichukua bodaboda mbili twende Heru Juu kumwona shangazi yangu, dada wa marehemu baba. Kapteni alifika suruali ikiwa na tope hadi magotini, akiwa bado ameshika kofia yake kifuani.

Shangazi alituwekea ugali wa muhogo, maharage, na migebuka iliyopikwa kwa mawese. Kapteni aliutazama ule ugali mweusi kidogo, unaovutika, akanitazama mimi.

"Ule tu, mwanangu," shangazi akamwambia. "Huo hautafunwi, unamezwa."

Akameza. Akameza tena. Tonge la tatu alikuwa haulizi kitu, na la kumi alikuwa anauliza kama migebuka imebaki jikoni.

Nikamwonyesha shangazi picha ya ndege kwenye simu. Akaishika simu mbali na macho, akaiangalia sana.

"Nzuri. Inabeba wangapi?"

"Sita, saba hivi."

"Ile yako ya siku zote?"

"Kumi na wawili, na mizigo."

"Ee, mwana wanje, mwanangu! Mpya ya nini tena, kama inabeba wachache kuliko ile kuukuu?"

Kapteni Shaaban alimweleza kwa adabu. Mgonjwa aliyezidiwa Kibondo leo anafika Dar baada ya saa nne na zaidi, anatikiswa njia nzima, na ndege yangu ikikutana na mawingu makubwa inalazimika kurudi. Kwa hii angefika chini ya saa mbili, akiwa amelala, juu ya mawingu yote. Shangazi alisikiliza bila kukatiza. Yeye mwenyewe ana binti aliyefia njiani akipelekwa hospitali, miaka mingi imepita.

"Basi inunuliwe," akasema, akaanza kukusanya sahani.

Nawasimulia hili ili mjue kwamba sikuwa naitaka ndege ile kwa ajili ya harufu ya viatu vipya peke yake.

Kasulu hadi Kibondo

Siku ya tatu jua lilichomoza likiwa na hasira, jedwali na kisigino vikakubaliana. Kapteni akasimama kando ya mlango, akaninyooshea mkono kuelekea kiti cha kushoto, kile cha rubani mkuu.

"Leo unarusha wewe. Mimi nitakaa kulia na kalamu yangu."

Nikakaa, nikasogeza kiti, nikashika usukani. Kiti cha kushoto cha ndege ile kinakushika mabega kana kwamba kinakujua.

Kabla ya kuwasha injini nilimpigia simu Mzee Ezekieli, mlinzi wa kiwanja cha Kibondo. Tumefanya kazi pamoja miaka yote hiyo.

"Mzee, mwakeye," nikamsalimu kwa Kiha. "Tunakuja, tutafika kama saa tatu na nusu."

"Ego, haya, Mama Ndege. Njooni. Nikisikia mlio tu, nawatoa watu."

Hiyo sentensi niliisikia vizuri sana. Kama kuna kitu nitajilaumu nacho, ni kwamba niliisikia vizuri kisha nikaiacha ipite.

Tukiwa hewani Kapteni akasema, "Kibondo usizunguke. Nyoosha moja kwa moja utue."

"Huwa napiga hodi, Kapteni."

"Najua. Lakini ripoti inasomwa na wanunuzi. Wakiona kila kiwanja ndege inapita bila kutua, watasema inasitasita. Nataka niandike kwamba umetua mara moja, safi. Kwa faida yako pia. Mlinzi si umeshampigia?"

"Nimempigia."

"Basi."

Ningeweza kukataa. Rubani anayerusha ndiye mwenye neno la mwisho, na Kapteni Shaaban si mtu wa kugombana. Lakini niliona kalamu yake juu ya karatasi, nikamwona Feliksi na miaka yake thelathini na moja, nikasema sawa.

Niliinyoosha. Nilipunguza nguvu, injini zikawa zinanong'ona tu, tukateremka kwa ulaini ambao sijawahi kuupata maishani. Kwenye skrini Kibondo ilikuja kwa uzuri wake: vilima vya kijani, kiwanja cha kahawia, mistari imenyooka, alama ndogo ya duara ikiwa imekaa palepale ninapotaka kugusa. Duara halikutikisika. Nilijisikia fundi. Nikawa nalitazama lile duara na kufurahi.

Sauti ya kike ya ndege ikatamka: futi mia tano.

Sijui ni nini kilichoninyanyua macho. Nafikiri ni mazoea ya miaka kumi na miwili. Nilitazama kupitia kioo, kiwanja cha kweli, na kilikuwa cheupe. Cheupe nusu nzima. Nikajiuliza kwa sekunde moja kama ni maji yanayong'aa. Kisha weupe ukawa na mipaka, ukawa maturubai na mikeka, na katikati ya mikeka nikaona watu.

Udaga. Siku mbili za mvua mihogo yao iliyolowekwa ilikuwa imeanza kuota ukungu majumbani, jua limetoka, na mahali pagumu, pakavu na pa wazi kuliko pote Kibondo ni kiwanja cha ndege. Kila mama wa jirani alikuwa amekuja kuanika. Na Mzee Ezekieli alikuwa anasubiri mlio. Ile ndege yangu husikika tangu ikiwa nyuma ya vilima, inanguruma huko dakika nyingi. Anapata muda wa kumaliza chai. Jeti inayoshuka injini zikinong'ona haisikiki hata kidogo mpaka iko juu ya kichwa chako.

Walianza kukimbia. Wote isipokuwa mmoja, mwenye kitenge chekundu na mtoto mgongoni, aliyekuwa ameinama anakunja turubai lake.

"Nazunguka," nikasema, nikasukuma nguvu zote, nikainua pua. Injini zikanguruma. Ile ndege ilipanda kama iliyorushwa, na hilo nalo ni la kusifiwa, kwani yangu isingepanda hivyo. Sikumwona tena yule mama. Niliona anga tupu mbele yangu.

Tuliporudi, kiwanja kilikuwa cha kahawia, mikeka imeburutwa pembeni, watu wamejipanga kwenye nyasi. Nikatua. Kapteni Shaaban alikuwa ameshika kalamu lakini hakuandika.

Kibondo, chini

Mzee Ezekieli alifika ngazini akihema, filimbi ikiwa bado mdomoni. Ni mtu wa utaratibu, shati lake halikosi kifungo, na siku hiyo alikuwa na machozi ya hasira.

"Mama Ndege! Ni wewe? Mbona mmekuja hivyo? Mmekuja kimya, hodi hamjapiga! Mimi nimesimama hapa natega masikio, nasikia kuku tu!"

"Nisamehe, Mzee. Ni kosa langu."

"Yemwe! Watu wangekwisha hapa!"

Kapteni akasogea mbele, akaanza kusema kwamba yeye ndiye aliyeagiza, lakini Mzee Ezekieli hakuwa na haja na mgeni. Alikuwa ananitazama mimi. Nikasimama nikasemwa mpaka akamaliza, kisha akafuta macho, akatukaribisha chai.

Tulikunywa chai kwa asali ya Kibondo, na sikuisikia ladha. Akina mama walikuwa wameshaizunguka ndege, wanaigusa ubavu, wanajiangalia kwenye ukingo wa injini unaong'aa kama kioo. Mmoja akaja hadi nilipoketi. Kitenge chekundu. Mtoto alikuwa amelala mgongoni, kichwa kimelegea.

Namfahamu kwa kumwona. Miaka yote hiyo nikipiga hodi yeye huwa wa mwisho kuondoka, na huinua mkono. Nami hutikisa mabawa kidogo.

"Amahoro, mama," nikasema. Nilikuwa nimejiandaa kusemwa tena.

"Amahoro. Kumbe ni wewe!" Akacheka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili yenye unga wa udaga. "Nimeogopa! Nikadhani ni wageni hawatujui. Ningejua ni wewe, wala nisingehangaika na turubai. Wewe huwa unatuona."

Nilitakiwa kumwambia kweli. Nikasema ahsante. Akanipa udaga kwenye mfuko wa nailoni, kiasi cha ugali wa siku mbili, akaenda kutandaza turubai lake upya.

Kibondo hadi Dar

Kurudi alirusha Kapteni. Mimi nilikaa kulia nikaandika ripoti yangu, kwani Bi. Zuwena alitaka ya kila mmoja. Kuhusu ndege niliandika kurasa nne na nusu, na ningeandika kumi. Niliandika kwamba inunuliwe. Niliandika kuhusu kiganja kwenye ukingo wa skrini, na chupa ya chai sikuiacha.

Kapteni akanionyesha ripoti yake. Kuhusu Kibondo aliandika kwamba niliona kizuizi kiwanjani, nikaamua kwa wakati, nikazunguka kwa ustadi. Chini yake: anapendekezwa kwa kiti cha kushoto. Nilisoma mara tatu. Kila neno lilikuwa la kweli.

Kisha nikaongeza sentensi kwenye yangu: kwamba niliacha kupiga hodi kwa sababu nilitaka alama nzuri, na kwamba macho yangu yalikuwa kwenye mchoro, sio kwenye kiwanja, mpaka chini ya futi mia tano.

Kapteni aliisoma kwa kuinama pembeni.

"Dada Domi, hilo hujaulizwa."

"Najua."

"Ukiliacha humo, kiti kinaondoka. Nami utakuwa umeniandika."

"Wewe sijakuandika. Nimeandika kwamba nilikubali. Neno lako utaliandika mwenyewe ukitaka."

Tulipofika Dar alinibebea begi hadi kwenye gari, jambo ambalo kapteni halifanyi.

Bi. Zuwena alipiga simu jana. Hana maneno mengi yule mama. Alisema Kapteni Shaaban amempigia akamwambia agizo la kunyoosha lilikuwa lake, na akamsimulia kuhusu mama mwenye mtoto mgongoni. Alisema ndege ataichukua, na kupiga hodi kutaandikwa kwenye kitabu cha taratibu zake, kila kiwanja cha changarawe, mafuta yaliwe yasiliwe. Kisha akasema kiti amempa Feliksi.

"Usingeandika ile sentensi kingekuwa chako," akasema. "Unajuta?"

Nikamwambia kweli: kiti nakililia, sentensi siijutii. Nilisema kwa sauti ya kawaida, na nilipoweka simu mbali na mdomo nikalia. Sasa mmejua, Mwajuma. Msinitumie maua.

Bi. Zuwena alisubiri mpaka nikatulia. Ndipo akauliza, "Huyo mama mwenye mtoto anaitwa nani?"

Sijui, nikasema. Miaka kumi na miwili ananiinulia mkono, nami namtikisia mabawa, na sijawahi kumuuliza jina.

Jumatatu napeleka dawa Kibondo na pangaboi yangu. Nitamuuliza. Kisha nitakaa naye chini kwenye lile turubai nimwambie kwamba siku ile alikosea, sikuwa namwona. Kukosa kiti kumeniuma, lakini kumwambia hivyo ndiko ninakokuogopa.